Uzi: Nimepoteza miche 9 kati ya 14 Nyamanzi. Nilichojifunza kwenye ardhi ya maweni

MamaWaNyamanzi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wangu.

Mimi nimelelewa Michenzani, ghorofani, ambako mmea pekee tuliokuwa nao ni mrehani wa marehemu mama kwenye kopo la maziwa dirishani. Kwa hiyo tulipohamia Nyamanzi, hapa hapa Unguja, Disemba ya mwaka juzi, nyumba haijapakwa rangi na madirisha mawili bado yamezibwa kwa mabati, mimi nilikuwa nshanunua miche. Kumi na minne. Miembe mitatu ya kubebesha (ya kuunganishwa), minazi minne, midimu miwili, mishokishoki miwili, mdalasini, mstafeli na mfenesi.

Mwisho wa Februari ilikuwa imekufa 9. Na sikuitupa. Kila siku baada ya sala ya alasiri nikichota maji kisimani nikiipitia mmoja mmoja, kopo kwa kopo. Iliniuma sana, na naandika ili anayehamia mwaka huu kiwanja kama changu asipite nilipopita.

Kilichonifumbua macho ni siku niliyong'oa mwembe uliokauka. Niliushika shina nikauvuta, ukatoka kwa mkono mmoja kama mtu anavyochomoa kijiti kwenye mchanga. Mizizi ilikuwa bado na umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Imejizungusha duara juu ya duara kama ngata ya kubebea ndoo, na hakuna hata uzi mmoja uliotoka kuingia kwenye udongo wangu. Miezi miwili na zaidi mti ule umekaa shimoni kwangu, lakini haujahamia. Nilikaa chini pale pale nikautazama.

Wanaoijua Nyamanzi, Dimani mpaka Fumba wanaijua ardhi yake: juu udongo wa vidole vinne, chini jiwe la matumbawe. Mimi nilikuwa nimechimba vishimo vya jembe, nilipogota jiwe nikasimama, nikatia mche, nikafukia. Yaani nilipanda miti kwenye mabakuli ya mawe. Na nilipanda Disemba, vuli inakwisha, kaskazi inaingia. Mti mchanga unaokabidhiwa Januari na Februari za hapa kwetu bila mizizi hauna salama.

Maji nayo. Kisima chetu kina chumvi kidogo. Ukiyaonja unaijua. Kopo moja kila siku linalowesha juu tu, jua linayanyonya maji, chumvi inabaki. Kesho kopo jengine, chumvi nyengine. Ncha za majani zilianza kuungua rangi ya chai, mimi nikadhani ni kiu nikazidisha makopo.

Aprili mwaka jana nilianza upya, na safari hii nilipanda miti 6 tu. Jirani mmoja, mtu mzima mwenyeji wa huku, ndiye aliyenionesha pa kuchimba. Alizunguka kiwanja na mtaimbo akigonga. Penye jiwe zima mtaimbo unalia kavu na kurudi mkononi. Penye mfuko wa udongo sauti inakufa. Akaniambia pia nitazame mahali ambapo magugu yalibaki kijani kaskazi nzima, hapo mizizi imepata njia. Na kweli, tulipovunja gamba la jiwe hapo, kiasi cha futi moja, tukakutana na kinongo, udongo mwekundu unaoshikana mkononi. Nilitaka miembe iwe mstari mmoja mbele ya baraza. Ikawa pale ambapo ardhi imekubali, na sasa naona ni pazuri zaidi.

Mashimo yalikuwa futi 2 kwenda chini na futi 2 na nusu upana, vijana wawili siku mbili. Udongo wa juu tuliuweka mbali na wa chini, tukauchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena na inayofikichika. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mawe yaliyotoka sikuyatupa, nilipanga ukingo wa nusu duara upande wa kusini wa kila mche, maana kusi la Juni na Julai linavuma hapa likiwa na chumvi ya bahari.

Kiriba nilikichana kwa wembe chini na ubavuni. Mizizi iliyojizungusha niliikata, mingine nikaifungua kwa vidole. Moyo ulinidunda, lakini niliikata. Kisha mche ukakaa urefu ule ule uliokuwa kwenye kiriba, kiungo cha kubebesha juu ya ardhi kiganja kizima. Kila mche nikauvisha pakacha kuukuu lililotobolewa chini, kuku wa majirani wasichakure na mbuzi wasifike.

Na maji: badala ya kopo kila siku, dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kila mti, likimiminwa taratibu likazame. Mvua ya paa naikinga kwenye tangi na hiyo ndiyo ya miche. Ya kisima naitumia nikikosa kabisa, na nikiitumia naijaza kwa wingi ili isukume chumvi chini. Mfereji (bomba) wa nje tunaotilia udhu nimeuchimbia mtaro mdogo mpaka kwenye mkunazi. Watu watano, mara tano kwa siku, mkunazi ule haujaniomba dumu hata moja.

Kwa sasa nina ile mitano iliyonusurika mwanzo, minazi mitatu, mwembe mmoja na mdimu mmoja, na hii sita ya Aprili ambayo imeshapita kaskazi yake ya kwanza yote mizima: miembe miwili, mkunazi, mpera, mtopetope na mkomamanga.

Swali langu ni huo mdimu. Majani machanga yanatoka manjano kabisa, lakini mishipa inabaki kijani, kama mtu kachora ramani. Maji unapata, samadi umepata. Uko pembeni ya nyumba upande wa jikoni. Tatizo nini?

---

Bustani_Mwera

Wa alaykum salaam dada yangu. Mimi naotesha miche huu mwaka wa kumi na moja, na uliyoandika kuhusu ngata ya mizizi ningependa kila mteja wangu ayasome.

Nianze na mdimu. Jikoni upande wa nje, nyumba mpya: mafundi walichanganyia wapi sementi? Walivundika wapi chokaa? Mimi nna hakika umepanda mdimu juu ya kifusi chao. Jani jipya la manjano lenye mishipa ya kijani ni mti unaokosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma chenyewe kimo ardhini, ila chokaa imekizuia, mzizi hauwezi kukichukua. Ardhi ya maweni peke yake ina chokaa ya kutosha. Ukiongeza na ya fundi, mdimu unashindwa. Chimba kando yake, taratibu, uone.

Ndiyo sababu hiyo hiyo mishokishoki yako ilikufa, hata ungeimwagilia kwa maji ya mvua. Mshokishoki unataka udongo mzito wenye unyevu usio na chokaa, kama wa Kizimbani au Pemba. Mdalasini vivyo hivyo. Huwa nawauliza wateja kiwanja kiko wapi kabla sijawapa mche, na wapo wanaokasirika wakidhani nawanyima. Maweni yana watu wake: mkwaju, mkunazi, mpera, mtopetope, mwarobaini, mkungu. Nazi pia, ukiipatia mfuko wa udongo.

Sasa kuhusu kununua. Watu wanaingia kwenye kitalu wanakwenda moja kwa moja kwenye mche mrefu. Mche mrefu mwembamba kwenye kiriba kidogo umechoka kusubiri. Chukua mfupi, shina nene, majani yenye afya. Ugeuze kiriba utazame chini: mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, ujue siku ya kuubeba umekatwa mizizi yake mizuri. Mwembe wenye maua au vijiembe kwenye kiriba usikutamanishe. Ukiununua hivyo hivyo, ukifika nyumbani vitoe, mti ule nguvu upeleke chini.

Na usiutoe kivulini kwangu ukaupanda juani siku hiyo hiyo. Uweke chini ya mti au kibarazani wiki moja au mbili, ukiusogeza kidogo kidogo mpaka uzoee.

Jambo la mwisho, kwa miembe ya kubebesha: chochote kinachochipua chini ya kiungo kivunje kwa kidole kikiwa kichanga. Hicho ni kikonyo, mwembe wa chini uliobebeshewa, si boribo uliyoilipia. Nimeona mtu analea kikonyo miaka minne huku boribo imekufa juu yake naye hajui.

---

Mpemba_wa_Konde

Nimesoma yote, dada, umefanya kazi ya maana. Huku kwetu tatizo si jiwe, tuna vilima na udongo wa kina, lakini la mzizi ni lile lile.

Mkarafuu ukipandwa mzizi mkuu umepinda, hautakufa mwaka wa kwanza wala wa tatu. Utakua, utapendeza, na mwaka wa nane unapoanza kukulipa ndipo upepo unaulaza. Marehemu baba alikuwa akiupima mzizi na shimo kabla hajatia udongo. Mzizi ukifika chini ukagusa, anautoa na kuongeza kina. Nilikuwa mtoto, nikiona anapoteza wakati. Mikarafuu yake imesimama mpaka leo.

Na upepo si mchezo visiwani. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ni za kisiwa chetu. Ndiyo maana wazee wa huku wakipanda mti wanautazama upepo kwanza.

Kwa kivuli, sisi mkarafuu mchanga tunaupandia muhogo au migomba kuuzunguka, zaidi upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa tisa ndilo linalounguza. Muhogo unaula, mkarafuu unakua. Baada ya miaka miwili au mitatu unauondoa kidogo kidogo. Nyamanzi mgomba hautafurahi sana, lakini makuti mawili yaliyosimamishwa yanatosha.

Ukifunga mche kwenye mti wa kuegemea, funga kwa kitambaa kilicholegea, usifunge kwa waya. Uache utikisike kidogo. Shina linaloyumba kidogo linakomaa, lililobanwa linabaki bua.

---

Kijana_Fumba

Samahani, nyie wataalamu, mimi nimeshapanda mwembe mita 2 kutoka ukutani na mnazi nyuma ya choo karibu na karo, shimo la maji machafu. Miezi mitano sasa. Niache au nihamishe?

---

Fundi_Msingi

Hamisha sasa hivi kwenye mvua hii, kesho kutwa utalia. Mimi najenga, nimeshafumua karo mbili zilizoingiwa na mizizi. Mzizi unafuata maji, na karo ni maji yenye mbolea.

Mwembe au mfenesi mpe nyumba mita 8, na kati ya mwembe na mwembe mita 10. Mnazi, angalia urefu wa kuti lake: mita 5 hivi. Nazi inaanguka ndani ya duara hilo. Kama paa lako, gari yako au wanao wanaocheza wamo ndani ya duara, umekosea. Mdimu, mkomamanga, mtopetope unaweza kuiweka mita 3. Na tazama juu pia kabla hujachimba, waya wa umeme upo hapo hata kama nyumba yako bado haijaunganishwa.

Kuhamisha: chimba kwa mzunguko mpana, uje na donge lote la udongo, ulifunge kwenye gunia lisimong'onyoke.

---

Mzee_wa_Bungi

Wanangu, nyote mmesema ya shimo. Nataka kusema la kabla ya shimo.

Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Ni jambo la tangu zamani. Mtu alirithi minazi mitatu bila kurithi pahala ilipo, mwengine kaweka mikarafuu rehani, mwengine miti yake ni wakfu wa msikiti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wakapewa eka tatu tatu, ardhi ikawa ya Serikali, na yule wa kupewa eka ndiye akilima na kuvuna. Watoto na wajukuu wakagawana. Ndiyo hizi sehemu mnazokatiwa viwanja leo.

Mimi nilinunua kiwanja kutoka kwa mtu, nikaandikiana, nikakata minazi miwili mizee ili nipande yangu. Wiki ile ile akaja bibi mmoja na wajukuu zake, analia. Minazi ile kapanda mumewe. Aliyeniuzia alijua na hakuniambia. Sheria haikunisumbua sana kama yalivyonisumbua machozi ya bibi yule. Nilimlipa, nikamwomba radhi, na kila mwaka nikivuna namtilia pakacha la nazi. Keshafariki, sasa nawapa wajukuu.

Kwa hiyo ukinunua kiwanja chenye mti hata mmoja, uliza ni wa nani. Waulize majirani, usimsikilize muuzaji peke yake. Iandikwe kwenye mapatano mbele ya sheha: miti mingapi, ipi, ya nani. Kisha panda wako kwa amani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokila ndege, mtu au mnyama katika mti alioupanda Muislamu huandikwa sadaka kwake. Sadaka hiyo isianze na dhulma.

---

Dafu_Kitamli

Ahsante mzee wangu, maneno mazito.

Mimi nizungumzie majimoto, sisimizi wa mitini, maana naona kila mwenye nyumba mpya anawaona wale wekundu wanaoshona majani anakimbilia dawa. Msiwaue jamani. Minazi michanga inayopukutisha vidaka vidogo vyenye mikwaruzo na utomvu, mara nyingi ni mdudu anayefyonza nazi changa, wataalamu wanamwita Pseudotheraptus wayi. Jina hilo limetokana na mtafiti M. J. Way aliyefanya kazi hapa hapa Zanzibar miaka ya 1950, akaonesha kuwa mnazi wenye majimoto wengi unakuwa salama na mdudu huyo. Wanaomfukuza majimoto ni sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaokaa chini ya shina. Kwangu nilifunga kamba kutoka mwembe wenye majimoto mpaka kwenye mnazi usio nao, wakahama wenyewe.

Wanauma, ni kweli, na mchuma karafuu atakwambia. Mimi siku ya kuangua najipaka jivu mikononi.

Wa kuogopa kwa mnazi mchanga ni chonga, yule mende mwenye pembe. Anatoboa kilele. Anazaana kwenye samadi na magogo ya minazi yanayooza, kwa hiyo lundo la samadi lisikae karibu na mnazi, na gogo lililoanguka liondoe.

Swali kwa Bustani_Mwera: makumbi ya nazi chini ya shimo la mnazi, unakubali?

---

Bustani_Mwera

Nakubali, yapangwe chini kabisa, tumbo lake juu ili yahifadhi maji, na yafukiwe vizuri. Yakibaki juu makavu, mchwa watakuja. Na matandazo ya majani juu ya ardhi yasiguse shina, acha shubiri moja wazi.

---

MamaWaNyamanzi

Nimerudi. Mzee wa Bungi, shikamoo tena. Nilisoma habari ya bibi yule nikiwa jikoni nikashindwa kuendelea na kazi. Kiwanja changu kilikuwa kitupu, lakini pembeni kuna mkwaju mkubwa ambao sikuwahi kuuliza. Jana nimekwenda kwa jirani kuuliza. Ni wa ukoo wao, wanakuja kuuchuma kila mwaka na mimi nikidhani ni wapita njia. Nimewaambia mlango uko wazi, na wameniahidi kunifundisha kuutengeneza ukwaju.

Bustani_Mwera, dada yangu, Mungu akuzidishie. Nilichimba kando ya mdimu asubuhi kabla ya jua. Kiganja kimoja tu chini nikakuta tabaka la kijivu gumu kama sahani, sementi iliyomwagika ikaganda, na ndani yake kipande cha mfuko wa karatasi bado kinasomeka herufi mbili. Chini yake chokaa nyeupe iliyovundikwa. Mzizi mmoja wa mdimu ulikuwa umefika kwenye sahani ile, ukapinda, ukarudi ulikotoka. Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa mzima, mweupe, unatafuta.

Nimeuhamisha na donge lake kwenye gunia, kama alivyosema Fundi, mpaka mfuko wa kinongo tulioupata kwa mtaimbo karibu na mtopetope. Mvua ya mwaka, yaani masika, bado ipo, nimeukata majani kiasi ili usichoke, na kuti moja limesimama magharibi kwake. Ile sehemu ya jikoni tumeitoa kifusi chote, ndoo 23. Hapo sitapanda kitu mpaka mwakani.

Kijana wa Fumba, usisubiri. Kwangu kuhamisha kulichukua saa moja na nusu na watu wawili.

Jambo moja la kushirikiana: nataka samadi iliyooza kwa ajili ya kuongeza juu kabla kusi halijashika. Mwenye gari ya ng'ombe anakubali kuja kutoka upande wa Mwera iwapo mzigo utafika gari mbili. Mimi nachukua nusu gari. Nani yuko Nyamanzi, Dimani au Kombeni tuchangie Jumamosi?

---

Kijana_Fumba

Mwembe nimeshauchimbua, uko kwenye gunia. Niandikie nusu gari. Na huo mtaimbo wa jirani yako unaazimwa?